Nani kasema ni nzuri, na mtoto wake ana miaka mingapi? Maswali yenu ya katuni, yaya na michezo

Haya jamani, meseji zimejaa na nyingi zinafanana, nimechagua chache nizijibu humu, na ambaye hajajibiwa asininunie, atakuta lake limejificha ndani ya la mwenzake. Tuanze na katuni maana nusu ya meseji ni katuni.

"Anti, niliuliza kwenye grupu la wazazi katuni gani nzuri kwa mtoto, nikapata majibu arobaini na kitu, kila mtu na yake, na wawili wakaishia kugombana. Nimfuate nani? Binti yangu ana miaka 3."

Kuuliza hukukosea, ulikosea swali. "Katuni gani nzuri" ni sawa na kuuliza viatu gani vizuri bila kusema mguu namba ngapi. Humo ndani kuna mwenye mtoto wa miaka 8 anayependa madude ya kupigana, na kuna mwenye wa mwaka mmoja na nusu, na wote wamekuambia ukweli ila ni ukweli wa nyumbani kwao. Rudi uulize upya, andika hivi: mtoto ana miaka 3, anaogopa giza na makelele, anapenda wanyama, nataka kipindi kinachoisha ndani ya dakika kumi na ambacho kikizimwa hakuzuki vita. Utaona arobaini wanakuwa wanne, na hao wanne ndio wa kuwasikiliza.

Na hilo la mwisho usilidharau, kwangu mimi ndio kipimo chenyewe, yaani simuangalii mtoto wakati tivii imewaka, namuangalia ikishazimwa. Mwanangu wa pili kulikuwa na katuni moja ikizimwa anajitupa sakafuni kama kapigwa shoti, na nyingine ikizimwa ananyanyuka zake anaukalia mto, mto umekuwa farasi, anaendeleza stori mwenyewe mpaka anasinzia. Mtoto yuleyule, dakika zilezile. Nikaja kukaa nikaitazama ile ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, nimekaa kabisa, sio ile ya kupita na beseni la nguo mkononi, nikakuta picha inabadilika kila baada ya sekunde mbili na muziki haupumui, mimi mtu mzima kichwa kiliniuma, sembuse yeye.

Kama unasoma Kiingereza wapo Common Sense Media, shirika la Marekani lililoanza 2003, wanapitia filamu, katuni, gemu na apu wanakuambia umri unaofaa na ndani kuna nini, vurugu, matusi, kushawishi watu kununua vitu. Kizuri zaidi wameweka maoni ya wazazi peke yake na ya watoto peke yake. Mi huanzia ya watoto, hawajui kupamba maneno wale.

"Wangu ana miezi 8, kuna vidio wanasema zinakuza akili ya mtoto mchanga na rafiki zangu watatu wamezisifia. Ipi nzuri?"

Hakuna. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja nae vilevile haishauriwi, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndio vizuri zaidi. Kuongea na bibi yake kwa vidio hiyo ni habari nyingine, hata madaktari wa watoto wa Marekani wameiruhusu. Hao rafiki watatu waulize kidogo tu, akili ilikua au wao walipata muda wa kuoga? Na kutaka muda wa kuoga sio dhambi, ila tusiiite elimu.

"Apu ya gemu za watoto ina nyota karibu tano na maoni maelfu, nimemwekea mtoto, siku ya pili nakuta tangazo la ajabu limefunguka. Hivi hizo nyota zinatoka wapi?"

Zingine zinatoka kwa watu kama wewe siku ya kwanza, yaani kabla ya siku ya pili. Zingine zinanunuliwa. Kwahiyo ruka nyota tano, ruka na moja (huko kuna wenye hasira ya simu kujaa), nenda kwenye tatu, na upange uone maoni mapya kwanza maana apu inaweza kuwa ilikuwa nzuri miaka miwili iliyopita halafu wakabadilisha. Ukiona sifa nyingi za siku moja zenye maneno yaleyale, toka. Halafu kabla hujampa mtoto icheze wewe kama mtoto, bonyeza hovyo hovyo kila kinachong'aa kwa dakika kumi, uone kama utatua kwenye tangazo au kwenye ukurasa wa kununua. Manunuzi funga kwa neno la siri, hiyo sio ya kujadili.

Na usidanganywe na neno "watoto" kwenye jina. Mwaka 2017 ziligundulika vidio kibao zenye wahusika wa katuni wanaofahamika, kumbe ndani mambo ya kutisha na ya hovyo, na zingine zilipenya mpaka YouTube Kids ambayo ndio imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kesi ya kukusanya taarifa za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sisemi ukimbie, nasema kwenye YouTube Kids kuna sehemu ya mpangilio ambapo mtoto anaona tu ulichokichagua wewe, iwashe hiyo. Inachosha kuchagua, najua.

"Nimepewa namba mbili za waajiri wa zamani wa yaya. Nimepiga zote, wote wamesema ni mzuri sana hana shida. Nimchukue?"

Bado. Watu wengi hawapendi kuonekana wamemharibia mtu riziki, ukiuliza "ni mzuri?" umemfungulia mlango wa kusema ndio na kukata simu. Uliza vitu vyenye majibu. Alianza lini akaondoka lini, mtoto alikuwa na umri gani wakati ule, siku yake ilikuwa inaendaje kuanzia asubuhi, mtoto aliwahi kuanguka au kuumwa akiwa naye na wewe ulijua baada ya muda gani, ulijulia kwake au ulikuta mwenyewe? Hilo la kuanguka usiliruke, kila mtoto anaanguka, unachotafuta ni kama yaya alisema.

Na swali la mwisho: ungemchukua tena kesho?

Niliwahi kumpigia mama mmoja hivyo. Mwanzo sifa tupu, msafi, ana heshima, anapenda watoto. Nikamuuliza ungemchukua tena? Kimya. Nikawa nasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe, kinazunguka, kisha, "aah, watoto wangu wameshakua sasa". Nikamwambia dada yangu, tuseme leo umepata mwingine mchanga. Kijiko kikasimama. Ndio akaniambia yule binti mchana usingizi ulikuwa unamshinda, analala fofofo, ila mwanae alikuwa mkubwa wa kwenda shule kwahiyo haikuwa shida kwake. Umeona ee? Hakunidanganya hata neno moja. Kwake alikuwa mzuri kweli, ila mimi wangu ndio kwanza alikuwa anatambaa anaokota kila kitu anatia mdomoni.

Hakikisha pia unayeongea naye aliwahi kuwa mwajiri kweli na sio binamu aliyeandaliwa, usitaje wewe majina ya watoto wala miaka, mwache ataje yeye ndio ulinganishe na alichosema yaya. Na kama inawezekana tafuta yaya mwingine aliyefanya kazi jirani naye, wale wanakutana nje na watoto kila siku, wanajuana kuliko sisi tunavyowajua.

Baada ya hapo mpe siku tatu za majaribio, za kulipwa tafadhali, wewe ukiwepo nyumbani lakini usimgande. Muulize yaya, mtoto akipaliwa atafanyaje? Wa chini ya mwaka mmoja analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, anagongwa mgongoni mara 5, kama bado anageuzwa na kusukumwa kifuani mara 5, mnarudia hivyo hivyo huku mtu anaita msaada, na vidole haviingizwi mdomoni kwa kubahatisha. Asipojua sio sababu ya kumkataa, wangapi tunajua? Fundishaneni. Ila akicheka swali lenyewe, hapo mi ningeagana naye kwa amani.

Na yeye nae akikuuliza habari zako, yaya wa mwanzo aliondoka kwa nini, usikasirike. Anafanya kilekile unachofanya wewe.

"Dada yangu anakisifia sana kituo cha kulelea watoto anachopeleka mwanae. Nimempeleka wangu wa miaka 2, wiki ya pili sasa analia kila asubuhi. Nimtoe?"

Kilio cha pale unapomuacha, chenyewe tu, hakisemi kitu, wengi wanalia wiki za mwanzo. Uliza analia kwa muda gani ukishaondoka na nani anambembeleza, wakikujibu "aah ananyamaza tu" bila kutaja mtu, hapo pananipa wasiwasi. Nenda saa ambayo hawakutegemei, ile ya kuamka usingizini wote wanataka kubebwa kwa pamoja, hapo ndio utakiona kituo. Hesabu watu. Uingereza kwa mfano sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto 3 wa chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 ni mmoja kwa 5 tangu 2023, ilikuwa 4 kabla ya hapo, na wazazi walilalamika. Kwenu sheria inaweza kuwa nyingine lakini mikono ya binadamu ni miwili kila mahali, ukikuta mmoja na kumi na mbili ondoka tu. Angalia kama wananawa baada ya kubadilisha nepi, wachanga wanalazwa chali, na wewe mgeni walikuuliza ni nani kabla ya kukufungulia? Mi niliwahi kuingia mahali mpaka chumba cha kulala na hakuna aliyeniuliza. Kilisifiwa sana hicho.

Halafu muulize dada yako anakisifia nini hasa. Kama ni karibu na kazini kwake, basi kasifia njia.

"Bethidei ya mwanangu anatimiza 4, nataka kuleta mchekeshaji na lile jumba la kuruka la upepo. Vidio zao ni kali sana."

Vidio imekatwa ikabaki vicheko. Omba rekodi ya dakika kumi ambayo haijakatwa, au waombe uwachungulie kwenye shughuli ya mtu mwingine. Mi nilimleta mmoja aliyesifiwa na jirani, kaja na rangi usoni na sauti ya radi, mwanangu wa miaka 3 kaingia chini ya meza na keki ikakatwa bila mwenyewe, nusu saa nzima namwona viatu tu. Watoto wa jirani walikuwa na miaka 9 na 10. Sikuuliza.

Jumba la upepo waulize linafungwa ardhini kwa kutumia nini na sehemu ngapi, viwango vya Ulaya vinataka zisipungue 6, na upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa lisitumike tena, hata kama watoto wanalia. Awepo mtu mzima anayeliangalia muda wote, sio aliyeshika simu, na wadogo waingie zamu yao na wakubwa yao, wanaoumia mara nyingi ni wadogo waliochanganywa na wakubwa. Vipande vya maputo yaliyopasuka okota papohapo, vinakaba watoto vibaya sana.

"Wa miaka 9 analilia gemu ya 12, anasema darasa zima wanacheza. Yeye ana akili kuliko umri wake."

Hiyo namba ya PEGI, yaani mfumo wa Ulaya wa kuonyesha gemu inafaa kuanzia umri gani (3, 7, 12, 16, 18), haipimi akili wala ugumu wa gemu, inapima kilichomo ndani. Tena usiitegemee ikulinde na watu usiowajua watakaoongea naye humo, kwahiyo hata ya 7 yenye kuchati nenda kwenye mpangilio uzime kuchati. Na hilo darasa zima, pigia wazazi watatu. Mara nyingi darasa zima ni wawili.

"Nilimpendekeza yaya wangu wa zamani kwa rafiki yangu, hawaelewani, sasa rafiki ananikwepa. Kosa langu?"

Nusu. Ulimwambiaje? Kama ulisema "mchukue huyo ni dhahabu", basi ulimpa sifa bila maelezo, na mwenzio ana mapacha wa miezi 5 wakati wako alikuwa anaenda na kurudi shule mwenyewe. Siku nyingine sema alikaa kwangu mwaka na nusu, mtoto alikuwa na miaka 6, muaminifu, anapika, jioni simu inamteka kidogo, na mtoto mchanga sijawahi kumwona akishika. Mtu akisikia hivyo anaamua mwenyewe na lawama hazikufuati. Sasa hivi mpigie, usimtumie meseji, muulize mapacha wamelala saa ngapi jana. Na yule binti nae mpigie, maana naona hakuna aliyemuuliza.