Ndege Ikikwama Katika Safari ya Umra, Je, Ndiyo Hatukuitwa?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni mkazi wa Mombasa. Nilikuwa nampeleka mama yangu Umra; ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na amedunduliza miaka mingi kwa ajili ya safari hii. Nilihirimia palepale uwanja wa ndege, yaani nilivaa shuka mbili za ihramu, nikatia nia ya Umra na kuleta talbiya, lile itikio la "Labbayka". Ndege ya jioni ikasogezwa hadi usiku, ya usiku ikasogezwa hadi alfajiri. Tulipofika mji wa kubadilishia ndege, ile ya Jeddah ilikuwa imeshaondoka. Tukakaa usiku kucha na mchana wake kwenye viti vya chuma, kiyoyozi kinapuliza, nami nina shuka mbili tu. Kila tukiuliza twaambiwa tusubiri. Mwishowe nikamfokea binti wa kaunta maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mpaka akalia. Nikasema pia, "Sisi twaenda nyumbani kwa Mungu, mbona atufanyia hivi?" Maghribi ilinipita niko kwenye foleni, nikiogopa kupoteza nafasi. Mama yeye aliuliza kibla kwa mfanyakazi mmoja Muislamu, akaswali ameketi kitini. Kwenye grupu la familia shangazi akaandika, "Pengine hamjaitwa." Alhamdulillah tulifika na Umra tukaifanya, lakini neno lile halinitoki. Je, imani yangu ina kasoro? Umra yangu imesihi? Na nikidai fidia kwa shirika la ndege, nitakuwa nimepoteza thawabu za subira?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amkubalie mama Umra yake, na akulipe kheri kwa kumkhudumia.

Nianze na neno la shangazi, maana naona ndilo lililokuchoma zaidi. Huku Pwani tumezoea kusema kuwa mtu hendi Makka mpaka aitwe, na usemi huo una msingi: Allah alimwamrisha Nabii Ibrahim (a.s.) awatangazie watu Hija, na kila anayefika hufika kwa idhini Yake. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba aliyekawia njiani hakuitwa, huko ni kumsemea Allah jambo ambalo hakulisema. Safari kuchelewa haikufanywa na Qur'ani wala Sunna kuwa alama ya mtu kukataliwa. Na liko tukio katika sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, linaloivunja dhana hiyo kabisa.

Mwaka wa 6 Hijria, mwezi wa Dhul-Qaada, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina kwenda Umra pamoja na Maswahaba wapatao 1400. Alikuwa ameota kwamba wanaingia Msikiti Mtakatifu, na ndoto ya Mtume ni haki. Wakahirimia Dhul-Hulayfa, wakawaswaga wanyama wa kuchinja, hawana nia ya vita. Walipokaribia Hudaybiya, pahali ambapo leo si mbali kwa gari kutoka Makka, ngamia wa Mtume aitwaye Qaswaa akapiga magoti. Wakamhimiza, asiinuke. Watu wakasema Qaswaa amegoma, Qaswaa amegoma. Mtume akawajibu kwamba Qaswaa hakugoma, wala hiyo si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo.

Litulie neno hilo, ndugu yangu. Tembo ni wa jeshi la Abraha, lililokuja kuibomoa Al-Kaaba. Ngamia ni wa Mtume, aliyekuja kuitukuza. Wote wawili walizuiwa wasifike, na aliyewazuia ni Mmoja. Basi mtu kuzuiwa, peke yake, hakuonyeshi chochote kuhusu daraja yake mbele ya Mola. Kama ingekuwa ni dalili ya kutoitwa, basi watu 1400 walio bora zaidi katika umma huu, na Mtume wao mbele yao, wangekuwa ndio wa kwanza kuambiwa hivyo.

Na hawakuzuiwa usiku mmoja na mchana. Katika mkataba walioandikiana na Makuraishi, kabila lililotawala Makka, waliambiwa warudi zao mwaka ule, waje mwaka unaofuata wakae siku 3 tu. Wamehirimia, wako karibu kabisa na Nyumba, na warudi! Hapo Umar (r.a.) alishindwa kunyamaza. Alimwendea Mtume akamuuliza: si ulikuwa ukituambia kwamba tutaiendea Nyumba na kuitufu, yaani kuizunguka? Mtume akamjibu: ndiyo, je, nilikwambia utaiendea mwaka huu? Akasema la. Akaambiwa: basi utaiendea, na utaitufu. Umar hakutulia, akaenda kwa Abubakar, akauliza yaleyale, akapata jibu lilelile.

Nakuletea kisa hiki kwa sababu ya ile kauli yako, "mbona atufanyia hivi?" Umar naye kifua kilimbana, akauliza, na wala hakutolewa katika imani kwa swali lake. Moyo wa muumini hubanwa. Lakini yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa ajili ya maneno ya siku ile alifanya amali nyingi, akitaraji zimfutie. Hakuridhika nayo kwa kuwa tu yalitoka kwa uchungu. Nawe fanya hivyo: omba maghfira kwa kauli ile, zidisha kheri, kisha usiendelee kujitesa. Aliye na kasoro kubwa katika imani, je, hukosa usingizi akiwaza alichokisema kumhusu Mola wake? Hulala fofofo. Wewe umekosa usingizi, na hiyo ni kheri.

Iko sehemu nyingine ya Hudaybiya ambayo wahubiri huipita haraka. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume aliwaambia Maswahaba wainuke wachinje na wanyoe. Hakuinuka hata mmoja. Akarudia mara tatu, wametulia vilevile. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.), akamweleza yaliyompata kwa watu. Bibi huyu akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo, watu wakainuka wote, wakachinja, wakanyoana huku karibu waumizane kwa huzuni. Wanazuoni wametoa mengi humo, mimi nachukua moja kwa ajili yako. Watu walipopooza kwa uchungu, walichohitaji kilikuwa ni kitendo kinachofuata. Mama yako alilijua hilo bila ya kusomeshwa. Ndege imekwama, wakati wa swala umeingia. Akauliza kibla iko wapi.

Subira iliyosifiwa ni ile ya pigo la kwanza. Mtume (s.a.w.) alimwambia hivyo mwanamke aliyemkuta akilia kaburini, katika hadithi ya Anas iliyomo katika Bukhari na Muslim. Pigo lako wewe lilikuwa ni pale kibao cha safari kilipobadilika na kuandikwa "imeahirishwa". Hapo ndipo pa kusema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, kabla ulimi haujapata la kusema. Wako wanaoona aya hiyo ni ya msibani tu, na wanakosea. Muumini hapatwi na uchovu wala udhia, hata mwiba ukimchoma, ila Allah humfutia makosa kwa jambo hilo. Na Mtume amesema kwamba safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Aliyasema hayo katika zama za ngamia, na msafiri wa viti vya chuma ayajua vilevile. Hakutuahidi safari laini hata ya ibada.

Usinitarajie nikwambie hekima ya kukwama kwenu. Katika Suratul Kahf, jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini lilitobolewa na mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, na wenyewe bila shaka waliona ni hasara, kumbe nyuma yao kuna mfalme anayenyakua kila jahazi zima. Lakini Musa (a.s.) mwenyewe hakuijua hekima ile mpaka alipofunuliwa. Basi mimi na wewe tusibuni. Inatosha kuamini kwamba Mwenye kupanga ni Mjuzi.

Sasa yule binti. Hapa sitakupunguzia. Kwa kuchelewa kwa ndege una haki juu ya shirika, lakini machozi yale ni haki ya mja juu yako, na haki ya mja haifutwi kwa tawafu. Unaijua hadithi ya muflisi, yaani aliyefilisika, katika Muslim: mtu atakuja Kiyama na swala, saumu na zaka, na huku alimtukana huyu na kumsingizia yule, agawiwe huyu mema yake na yule mema yake mpaka yamalizike. Wewe ulikuwa njiani kwenda kuchuma thawabu, ukaanza kuzigawa kabla hujafika. Na yeye siye aliyeikwamisha ndege. Ndege hukaa chini kwa hitilafu ya mtambo, kwa ukungu, kwa rubani aliyemaliza saa zake za kazi zinazoruhusiwa. Binti wa kaunta hupewa karatasi na kuambiwa akawatulize watu mia mbili wenye njaa. Tena ulikuwa ndani ya ihramu, na Allah amekataza ugomvi na maneno machafu katika Hija (2:197), na Umra ina heshima hiyohiyo ya ihramu.

Mtafute. Liandikie shirika barua, utaje tarehe, saa na kaunta, uombe salamu zako za msamaha zimfikie. Barua hiyo usiichanganye na ile ya madai, isije ikaonekana unaomba radhi ili ulipwe. Usipompata, muombee dua kwa jambo lake la dunia na akhera, na umtolee sadaka ukiweza.

Ama kudai fidia, dai. Hakupotezei chochote. Mtu mmoja alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kudai deni la ngamia, akawa mkali wa maneno, Maswahaba wakataka kumchukulia hatua. Mtume akasema wamwache, kwani mwenye haki ana la kusema, kisha akaamuru apewe ngamia aliye bora kuliko wake. Kwa hivyo, kusubiri si kunyamazia kila kitu. Kenya na Tanzania zote zimejiunga na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao unalibebesha shirika hasara iliyosababishwa na kuchelewa kwa safari za kimataifa, ila likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Weka tiketi, pasi za kupandia, risiti za chakula na malazi. Andika ulichopoteza, wala usizidishe hata shilingi moja. Anayeongeza hesabu kwa hasira amegeuka kutoka mwenye haki kuwa dhalimu.

Umra yako ni sahihi. Matusi katika ihramu ni dhambi ya kutubia, lakini hayana fidia ya kuchinja na hayabatilishi. Nia ya kuhirimia uliyoileta Mombasa nayo inasihi, ila ulijitia katika uzito usiolazimika. Safari nyingine vaa shuka zako nyumbani ukitaka, lakini nia na talbiya viache mpaka ndege ikaribie miqati, mpaka ambao mwenda Umra haupiti bila ya kuhirimia. Marubani wengi wa njia hiyo hutangaza. Ndege ikilala njiani, utakuwa bado huna makatazo ya ihramu. Na baridi ile ungeweza kuomba blanketi ukajifunika mwili wote, ukaacha kichwa tu. Mwenye kuhofia kuzuiwa na aweke sharti wakati wa kutia nia, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Dhubaa binti Zubayr aliyekuwa mgonjwa: "Allahumma mahilli haythu habastani", yaani mahali pangu pa kutoka katika ihramu ni pale utakaponizuia.

Kuhusu swala, nakujibu kwa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu huku twayafuata. Mkikwama uwanja wa Mombasa na nyinyi ni wakazi wa Mombasa, bado hamjawa wasafiri: kila swala kwa wakati wake, rakaa kamili. Watu wengi hukosea hapa, hufupisha kwa kuwa wameshapokea pasi ya kupandia. Mkishafika mji wa katikati nyinyi ni wasafiri. Fupisheni rakaa nne ziwe mbili na mkusanye Adhuhuri na Alasiri, Maghribi na Isha. Asiyejua ndege itaondoka lini, akitaraji wakati wowote, aweza kufupisha mpaka siku 18. Maghribi yako ungeweza kuichelewesha uiswali pamoja na Isha, lau ungenuia hivyo ndani ya wakati wake. Hukunuia, kwa hivyo uilipe kadha, na toba juu yake. Foleni si udhuru. Mwambie wa nyuma yako akushikie nafasi, wengi hawakatai.

Mama, kama magoti hayamruhusu kusimama, swala yake kitini ni sahihi, na kibla alikitafuta kwa kumuuliza Muislamu anayepajua mahali. Mwambie hana la kurudia.

Wallahu a'lam.