Mafuta ya karafuu mgongoni: matone mangapi?

Swali: Shikamooni. Nasumbuliwa na kiuno. Nilinunua kichupa cha mafuta ya karafuu, nikachuliwa nayo mgongoni hivyo hivyo yalivyo. Muda si muda ngozi ikawaka moto, na kesho yake ilikuwa bado nyekundu. Je, niliuziwa mafuta bandia? — Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba, na pole sana. Huenda mafuta yako ni halisi kabisa, na ndiyo maana yakakuunguza. Mafuta yanayokenekwa, yaani yanayotolewa kwa mvuke, kama yale ya makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) yanayotoka kiwanda cha Wawi, Pemba, hayafanani na mafuta ya nazi ya kujipaka. Zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino linapouma. Ikikaa kwenye ngozi bila kuchanganywa, huichoma. Wengine huwaachia mzio usiotoka: siku za mbele hata kiasi kidogo kinawawasha.

Kipimo ni hiki. Chukua vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi, ufuta au alizeti, yaani kama mililita 30, utie karafuu matone 3. Usizidishe. Mchaichai usivuke matone 4 kwa kiasi hicho hicho, nao una ukali wake. Mafuta ya maganda ya mdalasini tunakushauri usiyaguse kabisa kwa kuchulia. Ngozi chache sana huyastahimili. Mafuta ya nyonyo yakiwa peke yake hunata na mkono hautelezi.

Kwenye baridi mafuta ya nazi huganda. Yayeyushe kwanza kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, yakishapoa kidogo ndipo utie matone, la sivyo harufu yote itapotea kwa mvuke. Kabla ya kuchuliwa mwili mzima, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24. Kukiwasha au kukivimba, acha.

Ngozi ikiwaka tena, usianze na maji, kwa sababu hayachanganyiki na mafuta. Futa kwa kitambaa kilichochovywa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Yakitoka malengelenge, nenda hospitali. Na kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, achana na karafuu mpaka uongee na daktari, maana eugenoli nayo hupunguza kuganda kwa damu.

Swali: Nitajuaje kama mafuta ya karafuu ya sokoni ni ya kweli? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Dondosha tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone huzama. Likielea na kutanda juu, mara nyingi ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu, au karafuu zilizolowekwa tu ndani ya nazi. Hayo ya kulowekwa si mabaya, tena kwa kusinga mwili ni mapole zaidi. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya mafuta ya kukenekwa. Lakini kuzama hakumalizi shaka zote: mafuta ya makonyo na ya majani huzama vilevile, na hayo ni ya bei ya chini kuliko ya karafuu zenyewe. Nunua yaliyo kwenye chupa ya kioo cheusi. Plastiki nyingine huliwa na mafuta haya, ukaishia kujipaka plastiki.

Swali: Masaji ya mafuta ya kunukia inatibu kweli, au ni starehe tu? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Inatuliza misuli iliyokaza, inapunguza wasiwasi na kumsaidia mtu kulala, kwa muda. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatoka mikononi mwa anayekuchua; harufu, hasa ya lavenda, inaongeza utulivu. Haitibu malaria, presha wala kisukari. Mwenye kukuuzia kwa ahadi hizo, usimwamini.

Kwa mgongo, mililita 10 hadi 15 za mchanganyiko zinatosha. Mimina kiganjani, si mgongoni, usugue viganja vipate joto. Anza kiunoni, panda kwa viganja viwili pande zote mbili za uti wa mgongo hadi mabegani, kisha shuka ubavuni kwa wepesi. Usikandamize uti wenyewe wala usawa wa figo. Rudia taratibu kama dakika 5 kabla ya kubonyeza kwa vidole gumba palipokaza. Miguu huchuliwa kuelekea moyoni. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, usiuguse: huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mafuta ya maganda ya ndimu au limau yaliyokamuliwa bila moto yana hatari yake. Ukijipaka ukatoka juani, ngozi huungua na kuacha madoa meusi. Yatumie usiku.

Swali: Nina mimba ya miezi miwili, na mwanangu wa miaka miwili ana mafua. Naweza kutumia mkaratusi? — Mama, Morogoro

Jibu: Mama, kwa sasa chuliwa kwa mafuta ya nazi matupu, na karafuu uiache mpaka ujifungue. Mtoto usimpake mkaratusi usoni wala kifuani; mvuke wake unaweza kumbana pumzi. Chupa ifungie juu asikoweza kufika. Akimeza hata kidogo, usimtapishe. Mkimbize hospitali na uende na chupa yenyewe.