Kuchomelea kizingiti cha mlango kilicholiwa na kutu
Ndugu, umeuliza kama unaweza kuichomelea Corolla yako ya zamani nyumbani Umoja kwa mashine ya rodi (vijiti vya chuma vinavyoyeyuka kwa umeme), kwa kuwa kizingiti cha mlango kimetoboka. Kazi hiyo inawezekana, lakini rodi hutoboa kwa urahisi bati la bodi, ambalo kwa kawaida lina unene wa karibu milimita 1 tu. Afadhali uazime mashine ya kuchomelea ya waya na gesi (MIG), na utumie waya wa milimita 0.6. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kisha shikiza kiraka cha bati kwa nukta nukta, ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuliacha bati lipoe, la sivyo litajikunja. Kabla ya hayo chomoa betri, ondoa zulia, na usichomelee karibu na tangi la petroli. Mabati ya kuezekea (wapo wanaoyatumia kama kiraka, nami siyapendi) yamepakwa zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi unaoleta homa. Ukishapaka rangi, nyunyizia nta ndani ya kizingiti, kwa sababu mara nyingi kutu huanzia humo.