Kopo la sarafu za marehemu nyanya, tafadhali usizisugue

Ndugu umeuliza lile kopo la sarafu aloacha marehemu nyanya yako, uzisugue na ukwaju kwanza ndo upeleke kwa mnunuzi ama uende nazo hivo hivo. Nenda nazo hivo hivo, nakuomba. Najua kwetu Mombasa ukwaju na ndimu ndo dawa ya shaba, na sinia ikisuguliwa yapendeza kweli, lakini sarafu si sinia. Ile rangi ya kahawia ilokaa miaka ndo inayomuonyesha mnunuzi kuwa uso haujaguswa, asidi ikishaila unabaki wekundu mpya na mikwaruzo midogo midogo ambayo mtu mwenye lenzi aiona palepale, na bei yashuka hata kama maandishi yote yasomeka. Kama ina mchanga iloweke tu kwenye maji safi kisha uigandamize na kitambaa laini ikauke, usipanguse.

Sasa kuzitambua. Umesema kuna "za mizani", yaani zenye picha ya mizani, na hapo ndo wengi wachanganya manake ziko za aina mbili. Ikiwa ni Kiarabu kitupu na mwaka 1299 wa Hijria, hio ni pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, yaani 1882. Ikiwa upande wa pili kuna jua lenye taji na mwaka 1888, hio ni ya ile kampuni ya Waingereza ya IBEA, na katalogi zaziweka hizo chini ya jina la Mombasa, mimi nazipenda kuliko zote, nikishika moja najua ilipita sokoni kwetu hapa kabla reli haijajengwa. Yenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili ni pesa ya Wajerumani wa Tanganyika, 1890 hadi 1892.

Za tundu, yaani zile za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni zenye tundu katikati, ziko nyingi sana usitarajie makubwa, ila angalia mwaka 1936, zimo zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza alojiuzulu mwaka huohuo. Wauzaji watakwambia ni adimu, si kweli, zilipigwa nyingi, lakini ni nzuri kuwa nayo. Shilingi za mkoloni zenye picha ya simba hadi 1946 zina fedha robo tu, kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Tafuta pia herufi ndogo, H, KN, I au SA, hizo zaonyesha kiwanda kilichoipiga na mara nyengine ndo zinazobadilisha bei.

Gredi, yaani kupima sarafu imelika kiasi gani, ndo kazi yenyewe. Usiangalie uchafu, angalia ilivolika. Sehemu zilizoinuka ndo hulika kwanza, manyoya ya simba, nywele na taji la mfalme, kama mistari bado yaonekana mmoja mmoja uko pazuri, kama simba amekuwa kivuli tu hio ni ya chini hata ing'ae vipi. Na ile rupia ulosema imetiwa kikuku cha mkufu, gredi imeshaharibika hapo, iweke kama kumbukumbu ya nyanya wala usijaribu kuking'oa.

Jengine, hewa yetu ya bahari ina chumvi na shaba yashika kutu ya kijani haraka, kwa hivyo zitoe kwenye kopo, moja moja kwenye karatasi kavu, na zile albamu za plastiki laini ya PVC usiziguse.

Ukipata mnunuzi wa ng'ambo kuwa makini. Sheria ya makavazi ya 2006 yahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kwataka kibali, kwa hivo za mizani na za tai huenda zimo humo, za simba hazimo. Waulize watu wa makavazi pale Fort Jesus kabla hujatuma kitu.

Weka picha za pande zote mbili, mwangaza utoke ubavuni na flashi uzime, tuanze na hizo za mizani.