Nunua mashine yenye maiti nyingi

Mpwa wangu alinipigia simu juzi. Shikamoo haijakaa sawa, swali limeshafika: "Mjomba, siku hizi kampuni gani inaongoza kwa kompyuta?" Nikamwambia Lenovo, nyuma yake HP, kisha Dell, kisha Apple. "Basi nachukua Lenovo." Nikamwambia atulie kwanza, kwa sababu swali hilo na mimi niliwahi kulijibu, tena kwa pesa zangu mwenyewe.

Kompyuta mpakato ya kwanza niliyonunua kwa jasho langu ilikuwa ya jina kubwa. Silitaji. Nilichagua jina, nikachagua na wembamba, nikaenda nyumbani nimeridhika. Mwaka wa pili bawaba ya kushoto ikaanza kulia. Kila nikifungua kifuniko, ukingo wa plastiki unaachama. Siku moja ukasikika mlio mkavu: bawaba imeng'oa skrubu pamoja na kile kikombe kidogo cha shaba ambacho skrubu hukazwa ndani yake. Kioo kikawa kinaning'inia upande mmoja.

Fundi aliipokea, hakuifungua. Aliigeuza tumbo juu, akasoma namba ya toleo, akanirudishia. "Kazi yenyewe nusu saa, ndugu yangu. Ila hii sina maiti yake." Nyuma yake palikuwa na rafu imejaa mashine nyeusi za maofisini, zimepangwa kama matofali, hii haina kioo, ile imenyofolewa kibodi. Hizo ndizo maiti. Kila ikija mashine ya namna hiyo, huchomoa kipuri kwa marehemu na kumtia mgonjwa. Yangu haikuwa na ndugu hata mmoja pale rafuni. Niliitumia miezi minane nikiwa nimeiegemeza kwenye vitabu, mwisho nikaiachia kwa bei ya chuma chakavu.

Tangu hapo ushauri wangu ni huu. Mgao wa soko, yaani sehemu ya mauzo yote inayochukuliwa na kampuni moja, una maana sana kwa mnunuzi, ila si mgao wa leo, na si wa kampuni nzima. Unaotakiwa kuuangalia ni wa toleo lile lile unalotaka kununua: liliuzwa kwa wingi kiasi gani miaka minne mitano nyuma, na liliuzwa kwa nani.

Zile takwimu za kila robo mwaka unazoziona kwenye habari kwa kawaida hutoka kwa IDC au Gartner, kampuni za utafiti wa soko. Wanachohesabu ni mashine zilizosafirishwa kwenda sokoni, si zilizo mapajani mwa watu. Mashine iliyolala ghalani kwa muuzaji imeshahesabiwa. Mwaka 2021, watu walipokuwa wakifanya kazi na kusoma majumbani, zilisafirishwa karibu milioni 350 duniani. Mwaka uliofuata idadi ikashuka chini ya milioni 300, maana waliotaka walikuwa wameshanunua. Kampuni inaweza kuuza pungufu kuliko mwaka jana na bado ikatangaza kwamba mgao wake umepanda, kwa kuwa wenzake wameanguka zaidi. Hilo linamhusu mwenye hisa. Wewe unayetafuta kibodi halikusaidii kitu.

Halafu kiti chenyewe cha ukubwa hakikaliki muda mrefu. IBM ilitoa PC yake, yaani kompyuta ya mtu binafsi, Agosti 1981, na ikawa ndiyo kipimo cha wote. Compaq ikaja mwaka 1983 na mashine inayoendesha programu zile zile, na kufikia 1994 ndiyo iliyokuwa ikiuza kuliko yeyote. Mwaka 2001 Dell ikaipita, mwaka 2002 HP ikaimeza kabisa. IBM iliyoanzisha yote ikaamua kuondoka: Desemba 2004 ilitangaza kuiuzia Lenovo biashara ya kompyuta hizo, na Mei 2005 mauzo yakakamilika. ThinkPad, zile nyeusi zenye kidude chekundu katikati ya kibodi zilizoanza mwaka 1992, zikapata mmiliki mwingine. Nakumbuka watu waliapa kwamba sasa basi, hizo si zenyewe tena. Mwaka 2013 Lenovo ikawa ya kwanza duniani.

Hapo nakaa kidogo, maana panachekesha. Mwaka huo huo wa kuvaa taji ndio ilipotoka ThinkPad T440, ambayo ilikuwa imeondolewa vile vitufe vitatu vya kubonyeza vilivyo juu ya padi ya kugusa. Watumiaji wa siku nyingi walilalamika mpaka vikarudishwa kwenye T450, mwaka 2015. Kwa hiyo ukifuata chati, ungenunua kwa furaha mwaka ambao wenye mashine zao walikuwa wamenuna.

Kwa nini basi nasema mgao wa toleo una maana? Kwa sababu ya maofisi. Kampuni kubwa hainunui mashine kumi za aina kumi. Hununua mamia au maelfu ya toleo moja, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa mpigo. Ndiyo maana Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za mfululizo wa T huingia kwenye soko la mitumba kama mafuriko. Zinapokuja nyingi, na zinazokufa ni nyingi, na kila inayokufa inaacha kioo, kibodi, feni, bawaba. Mtengenezaji wa betri za mbadala naye ana macho: hawezi kuwasha mtambo kwa ajili ya toleo lenye wateja wachache. Sasa linganisha na zile za rafu ya mbele dukani, za rangi rangi, ambazo kampuni ile ile hutoa kila msimu kwa jina jipya, na kibodi ya msimu huu haiingii kwenye mwili wa msimu uliopita. Mtengenezaji mwenye robo ya soko la dunia anaweza kukuuzia toleo lenye maiti chache kuliko la mtu aliye nafasi ya nne.

Kinachoadimika mapema ni betri, tena hapo ndipo wengi hupigwa. Toshiba ilikuwa jina zito kwenye mipakato, lakini mwaka 2018 iliiuzia Sharp asilimia 80.1 ya biashara hiyo, jina likawa Dynabook, na mwaka 2020 ikamalizia kilichobaki. Sony iliachana na VAIO, mipakato yake, mwaka 2014. Mtengenezaji akishaondoka, betri "mpya" unayouziwa huenda imekaa ghalani miaka. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi lake, haijaguswa na mtu. Unalipia mpya, unapewa bikizee aliyevikwa nailoni.

Tahadhari moja: wingi peke yake hautoshi kama maiti yenyewe haichinjiki. Mac, yaani kompyuta za Apple, zimepata nguvu mpya tangu chipu ya M1 itoke Novemba 2020, na nazisifu kwa kudumu na chaji. Lakini memori yake (RAM) imewekwa pamoja na prosesa, na kwenye MacBook, yaani Mac za mpakato, diski nayo imegandishwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ukiwa na maiti mia za MacBook Air, hakuna hata moja itakayokuongezea memori. Ya kwako inunue na memori utakayoihitaji miaka mitano ijayo, au usinunue.

Hata ndani ya ukoo mmoja mambo hubadilika toleo kwa toleo. T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za memori, na betri ya nyuma unaichomoa kwa vidole bila kushika bisibisi. Iliyofuata, T490, ni nyembamba zaidi, na bei ya wembamba huo ni kwamba betri imefichwa ndani na nafasi ya memori imebaki moja, nyingine imegandishwa. Jina ni lile lile, nembo ni ile ile. Mimi nachukua T480 bila kupepesa macho. Tena nyingi zake zina prosesa ya kizazi cha nane cha Intel, ambayo Windows 11 inaikubali rasmi, wakati ndugu yake mkubwa T470 haikubaliwi. Tangu Windows 10 ilipokatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, tofauti hiyo ndiyo inayomfanya muuzaji akushushie bei ya moja haraka haraka na kuibania nyingine.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimpa kazi. Kabla hujasifia kioo, geuza mashine, soma namba ya toleo tumboni. Itafute hiyo namba mtandaoni pamoja na neno betri, kisha kibodi, kisha bawaba. Ukiona wauzaji wengi tofauti, endelea. Ukiona wawili, na wote wametumia picha moja, rudisha mashine taratibu. Iwashe, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows: ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, hiyo bado ni mali ya ofisi fulani kichwani mwake. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya mwenye zamani imeondolewa mbele ya macho yako, si "nitaitoa jioni". Na kama ni Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itakuja ripoti yenye namba mbili za betri: ilizaliwa na uwezo gani, na leo ikijaa inabeba kiasi gani. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza, bei ya betri nyingine itoe kwenye bei ya mashine, mkiwa bado mmesimama hapo hapo.

Akaniuliza, "Na hii ya kwanza dunia nzima inanisaidia wapi, mjomba?" Nikamwambia inasaidia kidogo, hasa kujua kwamba kampuni haitaondoka sokoni kesho asubuhi. Ingawa hata hilo usiliapie: Agosti 2011 HP ndiyo iliyokuwa ikiongoza, na mwezi huo huo ilitangaza kwamba inafikiria kujitenga na biashara ya kompyuta. Ilighairi Oktoba.

Jana jioni ameniletea picha mbili kwenye simu. Hakuna hata moja ya mbele. Moja ni ya tumbo, namba inasomeka vizuri. Nyingine ni ya ripoti ya betri, na kwenye hiyo tuna la kuongea na muuzaji.