Kabla hujaandika kwamba dawa "inachoma mafuta"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utafiti wa lishe na dawa, nimepitia ripoti zenu na ile sentensi imo tena: "Asidi za mafuta zilipanda kwenye damu, hivyo dawa inapunguza mafuta mwilini." Nawapenda, lakini sentensi hiyo tuizike leo.

1. Kuvunja mafuta si kuyachoma. Kafeini na dawa za jamii ya adrenalini huamsha laipesi (vimeng'enya vinavyokata mafuta) ndani ya seli za mafuta, trigliseridi, yaani mafuta ya akiba, zinakatwa, asidi zinamwagika kwenye damu. Mnachora grafu, mnashangilia. Lakini gunia kutolewa ghalani si chakula kuliwa! Msuli usipozihitaji asidi hizo, ini linazipokea, linazifunga upya kuwa trigliseridi na kuzirudisha kwenye damu, na sehemu kubwa huishia tena kwenye seli za mafuta. Mtu akila, insulini inapanda na lipolisisi, yaani huko kuvunjwa kwa mafuta, inafifia. Kijana mmoja alinibishia karibu alie: RQ ya wahusika wake (uwiano wa kaboni dioksidi inayotolewa kwa oksijeni inayotumika) ilikuwa imeshuka hadi 0.75, mafuta yanachomwa, mimi nataka nini tena? Nilitaka saa zilizobaki za siku ile. RQ hueleza uwiano wa mafuta na wanga unaochomwa wakati wa kipimo tu. Mtu aliyechoma mafuta mengi asubuhi anaweza kuchoma wanga zaidi jioni, hesabu ikarudi palepale. Asipimoksi, dawa ya kushusha mafuta ya damu, inafundisha hilo kwa upande wa pili: inazima lipolisisi, uchomaji wa mafuta unashuka, wa wanga unapanda kujaza pengo. Kuni zimebadilika, moto ni uleule. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700, na hizo lazima zitumike kweli. Vipimo vya DEXA (eksirei inayotenganisha mafuta, msuli na mfupa) vilipokuja, mafuta ya wahusika wa kijana yule yalikuwa hayajapungua. Niliumia pamoja naye, maana kazi ya miezi aliijenga juu ya kipimo cha asubuhi moja, na hakuna aliyemwonya mapema.

2. Mizani haitofautishi mafuta, maji na msuli, tumieni DEXA.

3. Orlistati, dawa ya kupunguza uzito, haigusi seli ya mafuta kabisa. Inazuia laipesi za tumbo na kongosho, karibu asilimia 30 ya mafuta ya mlo yapite bila kufyonzwa. Mwelezeni mgonjwa habari za choo chenye mafuta kabla hajaanza, la sivyo ataacha dawa kimyakimya, na vitamini A, D, E na K azimeze mbali na dozi. Msiahidi makubwa: katika jaribio la XENDOS, baada ya miaka 4, waliotumia orlistati walikuwa wamepungua kilo 5.8, na waliopewa dawa bandia pamoja na ushauri uleule wa mlo na mazoezi kilo 3.0.

4. Statini hushusha kolesteroli ya damu, si kiuno. Na semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito iliyoleta upungufu wa asilimia 14.9 ya uzito katika wiki 68 dhidi ya 2.4 kwa dawa bandia, inashinda hasa kwa kupunguza hamu ya kula. Litafakarini hilo kabla ya kubuni jaribio jingine la "kichoma mafuta".

5. Mtaniuliza: hakuna inayochoma kweli? Ipo: dinitrofenoli. Watafiti wa Stanford waliitangaza mwaka 1933. Inatoboa utaratibu wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, nishati ikatoka kama joto badala ya kuwa ATP, nishati ambayo seli hutumia. Watu walikonda. Wengine walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa joto la miili yao wenyewe, na mwaka 1938 Marekani ikaitangaza kuwa haifai kwa binadamu. Bado inauzwa mtandaoni kwa siri, na bado inaua. Mgonjwa akitaja unga wa manjano wa kukondesha, ndiyo sura ya dinitrofenoli, acheni fomu mezani, mpimeni joto na kumpeleka dharura papo hapo, hata kama anasema anajisikia vizuri. Dawa ya kuondoa sumu yake haipo.