Usome Moshi Kabla ya Kushika Mpira wa Maji

Nilipoanza masomo ya sayansi ya moto nilikuwa nimeshavaa koti la zimamoto kwa miaka mitatu, na nilijiona naujua moto. Muhula wa kwanza ukaja na kemia, fizikia na hesabu za mtiririko wa maji. Nikanung'unika kama wengi wenu, wanafunzi wa zimamoto, mnavyonung'unika sasa: kazi yangu ni kuzima na kuokoa, haya yote ya nini?

Jibu nililipata mazoezini. Tulipewa chumba ambacho moto wake ulikuwa umefifia kwa kukosa hewa. Ndani kimya, mwali hauonekani, moshi umetanda. Nikaufungua mlango wote kwa pupa, maji hayajafika kwenye mpira. Kwa sekunde chache hapakutokea kitu. Kisha hewa ikaanza kuvutwa kuingia kwa chini, moshi ukatoka kwa juu kwa kishindo, na mwali ukapita juu ya vichwa vyetu. Mkufunzi alikuwa amejiandaa. Akaubamiza mlango, hakuna aliyeumia. Usiku ule nilirudi kwenye daftari la kemia nikausoma ukurasa niliokuwa nimeuruka.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Sisi wa kazi hii tunapaswa kwenda mbele zaidi: moshi wenyewe ni kuni. Mwali unaouona juu ya ubao au sponji ya kochi hauli ubao wala sponji moja kwa moja. Joto hukifanya kitu hicho kitoe gesi, na gesi ndiyo inayowaka. Ile isiyopata hewa ya kutosha hupanda darini ikatanda huko. Jaribuni kwa mshumaa. Uzime, kisha upesi peleka njiti inayowaka kwenye ule uzi wa moshi mweupe, sentimita moja au mbili juu ya utambi. Mwali utashuka kwa kuufuata moshi mpaka kwenye utambi, njiti haijaugusa. Sasa fikirieni jambo hilohilo katika sebule nzima.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka hadi karibu 15, mwali kwa kawaida hufifia, lakini joto lingalipo na gesi zingalipo. Anayefungua mlango bila maji tayari anaupelekea moto kitu kimoja tu ulichokuwa umekikosa. Na pale ambapo hewa ipo, tabaka la moshi darini likifika nyuzijoto 500 hadi 600 humwaga chini joto kali kiasi kwamba viti, mapazia na zulia vyote huanza kutoa gesi, kisha chumba kizima hushika kwa mkupuo. Hiyo ndiyo flashova. Vazi kamili la zimamoto humpa aliye ndani sekunde tu. Kwa hiyo kabla hujaingia, tazama: moshi unaelea au unasukumwa? Tabaka lake linashuka? Je, mlango unavuta hewa? Nikifundisha hukaa hapa kwa wiki nzima, na sijutii.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita moja ikipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 hunyonya joto la takriban kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke hunyonya kama 2,260 zaidi. Maana yake, maji yanayotiririka sakafuni yakiwa ya uvuguvugu hayajafanya hata robo ya kazi yaliyokuwa na uwezo wa kuifanya. Ndiyo sababu ukubwa wa matone ni jambo la kujifunza. Lakini angalia upande wa pili: maji yakiwa mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, na mvuke usipokuwa na pa kutokea utakurudia wewe pamoja na mtu uliyekuja kumwokoa. Tangu niijue hesabu hiyo, kila ninapofungua bomba hujiuliza mvuke huu utatokea wapi.

Hesabu ya hewa ni fupi. Mtungi wa hewa ya kupumua wa lita 6.8, tunaoubeba mgongoni, ukijazwa hadi shinikizo la baa 300 una kama lita 2,040 za hewa. Ukitumia lita 40 kwa dakika utapata dakika 51. Ukipanda ngazi na mpira begani unaweza kufika lita 80, na muda huo ukabaki nusu, na ndani ya nusu hiyo imo akiba ya kukutoa nje. Pimeni matumizi yenu wenyewe mazoezini. Namba ya kitabuni haijui mapafu yako.

Halafu someni ripoti za uchunguzi. Mwaka 1942 moto wa ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston, Marekani, uliua watu 492. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msongamano. Milango mingine ilikuwa imefungwa au ilifunguka kuelekea ndani. Mwaka 1987 moto wa kituo cha King's Cross, London, ulianza chini ya ngazi za umeme za mbao, wakafa watu 31. Wachunguzi walipoupima kwa kompyuta, ilionyesha mwali ukilala chini ndani ya mfereji wa ngazi badala ya kwenda wima. Wengine walidhani programu imekosea. Kikatengenezwa kielelezo kidogo cha ngazi zile na kuchomwa: mwali ukalala vilevile. Hilo hunijia kila nikimsikia mwanafunzi akikariri kwamba moto hupanda juu, basi.

Wanaotaka uchunguzi wa moto wawe waangalifu zaidi. Kwa miaka mingi kioo chenye nyufa nyingi ndogondogo kilichukuliwa kuwa dalili kwamba moto uliwashwa kwa petroli. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba kioo kilichopata joto kali kikimwagiwa maji hupasuka hivyohivyo. Kwa dai la namna ile mtu angeweza kufungwa. Mwulizeni mwalimu bila woga: hili lilijaribiwaje?

Huduma ya kwanza msiichukulie kama somo la kujazia ratiba; katika nchi nyingi miito ya wagonjwa na ajali ni mingi kuliko ya moto.

La mwisho ni mwili. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani. Zamani koti jeusi la masizi tulilionea fahari, likawa kama cheo. Acheni hilo. Vaa barakoa ya hewa hata wakati wa kufukua majivu, nawa uso na shingo hapohapo kwenye tukio, na koti lisipande ndani ya gari lako kabla halijafuliwa.